Mjadala: Je, maporomoko ya Murchison, Uganda, yatangazwe kwa jina la mwigizaji Humphrey Bogart?

Mleta mada, Masindi: Wakuu, boti ikitoka Paraa kuelekea maporomoko, hukosi kusimuliwa Bogart: mwaka 1951 alikuja Uganda kuigiza filamu ya The African Queen, ikampa Oscar pekee ya maisha yake. Sawa. Sasa kuna wanaotaka awekwe hadi kwenye mabango, nami napinga. Hadithi yenyewe inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani, si Uganda. Sehemu nyingine zilipigwa Kongo. Na pale anapoburuza mashua kwenye matete, anatoka ruba wamemganda mwilini? Ni Uingereza hapo, ndani ya tangi la studio, maana maji ya huku waliyaogopa kwa magonjwa. Hata ile mashua, iliyokuwa ya kazi Ziwa Albert, leo inazungusha watalii Florida. Dola zinaingia huko.

Mwongoza watalii: Mzee, unaongea kama mtu asiyeishi kwa bakshishi! Mmarekani mwenye mvi akisikia Bogart anavua kofia, anauliza, "Ni hapa hapa?" Halafu tusimvunjie mtu heshima. Miaka mingi studio zilimpa nafasi za majambazi tu. Kaja huku ana miaka 51, kikosi kinaharisha, Hepburn, mwigizaji mwenzake, hoi, yeye anadunda kwa vyakula vya kopo na wiski.

Kijana wa Kampala: Bogart ndiye nani? Kwenye kibanda cha video ukimtaja watu wanakutazama tu. Filamu ya Who Killed Captain Alex ya Nabwana ilitengenezwa Wakaliga, hapa hapa Kampala, kwa hela ya kuokoteza, damu bandia imefungwa ndani ya kondomu ipasuke risasi ikipigwa, na Wamarekani wanaijua. Mabango wapewe hao.

Mleta mada: Na wenye mvi wakiisha, mwongozaji, utamsimulia nani?

Bibi wa Hoima: Wajukuu, mnagombania waigizaji. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipigana na Waingereza porini mpaka wakamkamata 1899, mwaka aliozaliwa huyo Bogart wenu. Wakampeleka Shelisheli. Enzi za Amin maporomoko hayo yaliitwa kwa jina lake. Huyo hakuwa na tangi la studio.

Mwongoza watalii: Bibi, Kabalega naanza naye kesho asubuhi, tena kabla ya viboko. Ila Bogart simtoi. Karo ya mtoto wangu iko kwake.