Cheti cha ICDL: nianze na moduli ipi, na watu huanguka wapi?

Msaka_Ajira: Wakuu, kazi nyingi za ofisini sasa zinataka cheti cha kompyuta. Nafikiria ICDL, kile cheti cha kimataifa cha ujuzi wa kompyuta, ngazi ya msingi. Mtihani ukoje?

Bwana_Fomula: Moduli ni nne: kompyuta, intaneti, uandishi wa nyaraka na majedwali (mfano Excel). Kila moja ina mtihani wake, kwa kawaida maswali 36 kwa dakika 45. Kufaulu ni asilimia 75, yaani 27. Swali likikukwamisha, ruka, utalirudia.

Majedwali ndiyo yanawaangusha wengi. Mfano: bei zinaanzia seli B2, yaani safu B mstari wa 2, na asilimia ya kodi iko E1. Unaandika =B2*E1, unaburuta fomula chini; mstari unaofuata unasoma E2, ambayo ni tupu, jibu linakuwa sifuri. Andika =B2*$E$1. Alama za dola huifunga seli isihame.

Dada_Masijala: Kwenye nyaraka, acheni kupanga maandishi kwa kubonyeza spesi mara kumi! Ukibadilisha fonti tu, yote yanapinda. Tumia tabo, yaani kitufe cha Tab. Nafasi kati ya aya iweke kwenye mipangilio ya aya, si kwa Enter mbili.

Msaka_Ajira: Nikifaulu mbili tu kwanza?

Bwana_Fomula: Sawa kabisa, cheti huorodhesha moduli ulizofaulu. Kwenye CV zitaje moja moja. “Najua kompyuta” haimwambii mwajiri kitu.

Dada_Masijala: Na jina la usajili lilingane na kitambulisho, herufi kwa herufi.