Harusi za msimu mzima zimejaza mashine: eksteno mbili, NAS au SSD?

Mkunazini_Studio: Assalaam alaykum jamaa. Kompyuta ninayohariria video za harusi imejaa pomoni. Nataka pa kuwekea miradi iliyokwisha, na nafasi ya kurendi mipya, yaani kutoa video iliyokamilika. Nimeona njia tatu: eksteno (diski za nje) mbili za kawaida, NAS ya diski mbili (sanduku la diski linalounganishwa kwenye mtandao), au SSD (diski ya chipu, ya kasi) moja kubwa. Ipi nichukue? Nanunua wiki hii.

Wete_Video: Waalaykum salaam. Ndugu yangu, hujatwambia kitu. Data kiasi gani? Kamera inarikodi kodeki gani, yaani inabana video kwa njia gani? Windows au Mac? Unahariria Premiere au Resolve?

Mkunazini_Studio: Kweli, niwieni radhi. TB 5 na ushei. Kamera mbili, 4K ya H.264, megabiti 100 kwa sekunde. Premiere. Mie Windows, mwenzangu Mac.

BintiChake: Megabiti 100 ni GB 45 kwa saa, kila kamera. Harusi ya saa 6 kwa kamera mbili ni GB 540, kwa hiyo hizo TB 5 ni harusi tisa tu. Piga hesabu ya msimu ujao, si ya uliopita. SSD ya TB 2 iwe ya kazi ya leo, eksteno mbili za TB 8 ziwe ghala: moja kwako, nyengine nyumba nyengine kabisa. SSD usiiweke kabatini miaka bila umeme. Inatunza data kwa chaji, chaji huvuja, na joto letu linaharakisha.

Darajani_PC: NAS kaka. Diski zake mbili zinaakisiana: moja ikifa, ya pili inaendelea, na Mac na Windows zote zinaifikia. Kwa kebo ya gigabiti unapata kama MB 110 kwa sekunde. Kamera zako mbili zinataka MB 25. Ila usihariri kwa Wi-Fi, itakwamakwama.

BintiChake: Diski zinazoakisiana si nakala ya akiba. Ukifuta folda kwa makosa, imefutika kwenye zote mbili papo hapo.

Wete_Video: Kabla ya kubishana sanduku, tizameni fomati, yaani mfumo ambao diski inapangia faili, maana ndiko kazi zinakopotelea. Kuna eksteno moja ya exFAT, fomati inayoandikika kote kuwili, iliyokuwa ikizunguka baina ya Mac na Windows. Kebo ikachomolewa katikati ya kunakili. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kurudishia hali ya nyuma, basi folda zikapotea zote. Programu ya ufufuzi ikarudisha maelfu ya faili zisizo na majina, na Premiere inatafuta C0012.MP4. Jina hilo lilikuwamo kwenye kadi za kamera zote mbili! Ikabidi kulinganisha urefu na saa ya kurikodiwa, klipu moja moja. Na faili zilizokuwa zimegawika vipande kwenye diski zilirudi zimevunjika, hazikufunguka tena.
Kwa hiyo: ghala liwe NTFS, fomati ya Windows, Mac itasoma bila kuandika, na hiyo ni kinga. Kila kadi na folda yake: tarehe, ukoo, kamera, namba ya kadi. Nakili kwa TeraCopy, programu ya kunakilia, ukiwa umewasha uhakiki, na usifute kadi mpaka nakala mbili zimehakikiwa.

Mkunazini_Studio: Nahifadhi folda nzima ya mradi?

BintiChake: Picha halisi (video zenyewe za kamera), sauti, fonti, LUT (faili za rangi), faili la mradi na masta (video kamili ya mwisho). Proksi (nakala nyepesi za kuhariria), kashe (faili za muda) na faili za previu futa, hutengenezwa upya. Project Manager ya Premiere inakusanya vilivyotumika, ila haichukui kompozisheni (kazi za vionjo) za programu ya After Effects zilizounganishwa moja kwa moja. Hizo nakili kwa mkono.

Fumba_Sauti: Na kurendi je? MP4 faharasa yake, orodha ya kilichomo ndani, kwa kawaida huandikwa mwisho. Umeme ukikatika kwenye asilimia 95, faili halifunguki. Rendi masta kwa vipande vya dakika 10, kwa ProRes 422, kodeki ya kuhariria isiyobana sana, kisha viunge bila kurendi upya. Kwa 1080p (Full HD) ya fremu 25 kwa sekunde ni kama GB 55 kwa saa. H.264 ya mteja itoe kwenye masta hiyo.

Darajani_PC: Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, hutohitaji vipande.

Fumba_Sauti: UPS ndogo ni ya dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Rendi ya saa tatu haivuki. Unguja ilikaa bila umeme wa bara toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. UPS gani hiyo?

Darajani_PC: Hilo lilikuwa jambo la jenereta, shehe, usichanganye.

Wete_Video: Mmesahau chumvi na unyevu. Eksteno ikae kwenye kopo lenye mfuniko wa mpira, pamoja na silika, zile chembe za kunyonya unyevu. Silika ikibadilika rangi, ikaushe. Na ikitoka chumba cha AC, iache nusu saa ndani ya mfuko wake kabla ya kuiwasha, isije ikatoa jasho.

Mkunazini_Studio: Ahsanteni. Naegemea eksteno, ila mwenzangu bado anataka NAS. Na picha halisi za mteja aliyekwisha kulipa, nyie mnakaa nazo muda gani?

BintiChake: Mliandikiana nini kwenye mkataba?