Upele ukiingia kituoni: tupake wote au wanaojikuna tu?

Mleta mada
Hoja ni hii. Kwenye vituo vya kulea watoto na makao ya wazee, watatu wakianza kujikuna usiku, kawaida inanunuliwa dawa ya watatu. Wapo wanaosema hilo ni kosa: siku hiyohiyo wapakwe wote, pamoja na mpishi, mlinzi na walezi wa zamu, hata asiye na kipele kimoja. Wanaopinga wanataja gharama, kumpa dawa mtu asiyeumwa, na hofu kwamba kidudu kinacholeta upele kitaizoea dawa. Wenye utaalamu semeni, na tuongee kwa namba.

Nesi Makorora
Wote. Anayepata upele kwa mara ya kwanza anakaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, kwa sababu muwasho unatokana na mwili kumkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na mwili unahitaji muda kumjua. Wiki zote hizo anaambukiza. Kwa hiyo hao watatu ni upele wa mwezi uliopita. Upele wa mwezi huu uko kwa wanaolala nao, na ngozi zao bado safi. Ukitibu watatu, watapona, kisha watauchukua tena kitandani. Safari hii mwili unamjua mdudu, muwasho unaanza ndani ya siku 1 hadi 4, na kituo kizima kinasema dawa ilikuwa feki.

Mlezi wa Zamu
Dada Nesi, kalenda hiyo siipingi. Ninachopinga ni jinsi kazi inavyofanyika. Dawa iliyopo kwa wingi ni BBE (benzyl benzoate, dawa ya maji ya kupaka), na BBE inachoma. Mtoto aliyejikuna hadi kuchubuka atapiga kelele, na wenzake kumi wanaosubiri foleni watatafuta pa kujificha. Ukiwa na walezi wanne na watoto 60 jioni moja, matokeo yake ni kulowesha mgongo na tumbo basi. Bora kupaka bweni moja lenye watoto 15 vizuri kuliko 60 kwa kulipua. Tutibu bweni.

Mfamasia Bonde
Kuhusu kulipua uko sahihi kabisa, kaka, na ndipo dawa nyingi zinapopotea. Mdudu anakaa kati ya vidole, kwenye viganja vya mikono, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, sehemu za siri, mfereji wa matako na kati ya vidole vya miguu. Inapakwa kuanzia shingoni hadi unyayoni. Mtoto chini ya miaka 2 na mzee wanaongezewa uso na kichwa, ukikwepa macho na mdomo. Kucha zikatwe kwanza, dawa iingie chini yake. Ngozi iwe kavu na imepoa, si mara tu baada ya kuoga maji ya moto.

Kosa ninaloliona sana ni ratiba. Watu wanapakwa saa 11 jioni, saa 1 wananawa kula ugali. Dawa yote ya vidoleni imekwenda na maji, na vidoleni ndipo mdudu anapopenda zaidi. Wale chakula kwanza, wapakwe wakienda kulala, na anayenawa usiku apakwe mikono upya. Permethrini, ile krimu ya kupaka ya asilimia 5, ikae saa 8 hadi 14, BBE saa 24. Baada ya siku 7 inarudiwa.

Gharama sasa. Watoto 60 wa umri wa shule, wafanyakazi 12. Mkubwa anapakwa BBE ya asilimia 25 kama ilivyo, weka mililita 60. Mtoto anazimuliwa, kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, weka mililita 30 za mchanganyiko, yaani 15 za dawa (mchanga ni kimoja kwa vitatu, lakini hao ni wachache). Watoto mililita 900, wakubwa 720, jumla 1,620. Mizunguko miwili ni 3,240: chupa 33 za mililita 100. Tikisa chupa kila unapomimina, la sivyo wa mwanzo wanapata maji na wa mwisho wanaungua.

Mkaguzi
Chupa 33 mara moja kwa mwaka zinavumilika. Lakini bweni halitoshi kwa nini? Na mablanketi 60 nani atayachemsha?

Nesi Makorora
Bweni lingetosha kama watoto wangecheza kwa mabweni. Wanasukana nywele, wanabebana mgongoni, na mlezi wa usiku anazunguka vyumba vyote. Ngozi kwa ngozi dakika 10 au 15 inatosha.

Mablanketi yanachukua nguvu nyingi kuliko inavyostahili. Mdudu akitoka mwilini anaishi siku 2 hadi 3 tu. Nguo na shuka zilizotumika siku tatu za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au zipigwe pasi. Blanketi lisilofulika lifungiwe siku 3. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku, kwa hiyo tumia pipa lenye mfuniko unaobana. Magodoro yakae wazi siku hizo au yatolewe nje. Kupuliza dawa ya mbu bwenini ni kumwaga fedha, mdudu yuko kwa mtu.

Mfamasia Bonde
Ushahidi wa kutibu wote upo. Huko Fiji walilinganisha jamii tatu za visiwani, matokeo yakatoka 2015. Walipotibu wagonjwa na waliogusana nao, upele ulipungua kwa asilimia 49 baada ya mwaka. Permethrini kwa wote, 62. Ivermektini ya kumeza kwa wote, 94: kutoka asilimia 32.1 ya watu hadi 1.9.

Mkaguzi
Kisiwani hakuna mlinzi anayelala kwake Mbagala na kurudi kesho. Na Shirika la Afya Duniani linazungumzia kugawa dawa kwa jamii nzima pale upele unapofika asilimia 10. Watatu kati ya 60 ni asilimia 5.

Nesi Makorora
Kiwango hicho ni cha wilaya na visiwa, ndugu. Kituo kihesabu kama nyumba moja, na kwenye nyumba moja hakuna mwongozo unaosema uwaache waliolala na mgonjwa. Hoja ya mlinzi naichukua: yeye na waliomo kwake wapewe dawa jioni ileile.

Makao ya wazee yana hatari yake. Mgonjwa wa kawaida ana wadudu 10 hadi 15 mwili mzima. Mzee dhaifu anaweza kupata upele wa magamba: ngozi inakuwa nene, inabanduka kama unga, na pengine hajikuni hata kidogo. Huyo ana maelfu. Anaambiwa ana ukurutu, anapakwa krimu ya steroidi, inazidi. Dalili ya kwanza huwa kwa mlezi anayemwogesha: vipele kwenye mikono kuanzia kiwiko kushuka. Huyo mzee atengwe, anayemgusa avae glovu na gauni la mikono mirefu, na mzee mwenyewe apewe ivermektini siku ya 1, 2, 8, 9 na 15 pamoja na dawa ya kupaka. Kwake siku 3 za blanketi ni chache, weka 7.

Boyoma
Ndugu zangu, sisi wa Tshopo na Ituri, huku Kongo, tusikie neno ivermektini kwa tahadhari. Huku kuna Loa loa, ile minyoo inayoonekana ikipita jichoni. Mwenye wingi wa minyoo hiyo damuni akimeza, anaweza kupoteza fahamu na kufa. Damu ipimwe mchana, kati ya saa 4 na saa 8, kabla ya kumpa mtu. Wote kwa dawa ya kupaka, ndiyo. Wote kwa vidonge, hapana.

Mlezi wa Zamu
Haya, nimehama kutoka bweni. Lakini vidonge vingenimalizia kelele. Vinapimwaje, na nani hamezi?

Mfamasia Bonde
Mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 ni vidonge 4 vya miligramu 3. Haviui mayai, ndiyo maana dozi ya pili iko siku ya 7 hadi 14. Asimeze mtoto chini ya kilo 15 wala mjamzito. Mpishi wako mwenye mimba na wale wadogo wapakwe permethrini, na hao wachache ndio wa kununuliwa tyubu ya bei. Waambie wote muwasho utaendelea wiki 2 hadi 4 baada ya mdudu kufa, wasije wakarudia kupaka kila siku hadi ngozi ikachubuka. Shule wanarudi kesho yake baada ya kutibiwa.