Tupeane uzoefu: mulijua lini kama Bruce Lee alikufa?

Mwana Kadutu (Bukavu)
Bandugu, leo kila mutu aeleze siku alijua kama Bruce Lee, ule wa filme za kung-fu, alikufa. Mimi nilikuwa na miaka 14 na nilikuwa nishapigana juu yake mara mbili. Kwetu kulikuwa nyumba moja ya video, viti ni mbao juu ya matofali, ku dirisha blanketi, ukilipa wanakuchapa muhuri ya wino ku mukono. Siku moja wakaweka Game of Death. Mule iko fasi Bruce Lee amelala ndani ya sanduku, uso wazi, watu wanapita wanamuangalia. Sisi tunacheka tu, maana ndani ya filme ni ujanja, anajifanya amekufa ili maadui wamuache, kisha anarudi kuwapiga. Yaya mumoja, mukubwa wetu, huko nyuma akasema "ile maziko si filme, ni yake ya kweli". Tukamuzomea mpaka akatoka. Kumbe! Alikufa 20/7/1973 kule Hong Kong, ana miaka 32, filme iko nusu, njo wakaimalizia na watu wa kumufanana, ikatoka 1978, na ile maziko waliyoingiza ni yake kweli kweli. Yaya, kama uko huku, pole.

Birere Yetu (Goma)
Mimi ungeniambia amekufa ningekubishia, maana mwenye video yetu alikuwa analeta "mupya ya Bruce" kila mwezi 😂 Kumbe ni Bruce Li na Bruce Le, watu wengine kabisa, walitafutwa kisha kifo chake. Mama yangu njo alivumbua. Alikuja kuniita nikateke maji, akasimama ku mulango kidogo tu, akasema "ule wa zamani anatembea kama paka, uyu kama mutu amebeba mufuko ya makala". Nilikasirika siku mbili.

Kamalondo (Lubumbashi)
Papa alimuona ku sinema wakati wa Zaire, Enter the Dragon. Wanatoka, mwenzake anamuambia ule tayari amekufa, hata filme yenyewe ilitoka mwezi mumoja kisha yeye kuondoka. Papa akakataa. Kesho yake akanunua tena biye (tiketi), ati aende kumucheki vizuri.

Mama Nyawera (Bukavu)
Nyinyi watoto! Na mbona hakuna anasema karuho, ile sumu ya kupewa kwa siri? Huku mutu hafe bure. Lakini baganga (madokta) walisema ubongo ulivimba, na mwezi wa tano alikuwa tayari ameanguka kazini, ugonjwa ni uleule. Siku ya mwisho kichwa kilimuuma, wakamupa kidonge, akalala, basi, hakuamuka. Nilieleza hii yote pale soko kwa wenzangu wa ndizi, wakasikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha mumoja akaniuliza: "na ile kidonge, ni nani alimupa?"