Tupeane uzoefu: ulishawahi kulala ndani ya boti? Kitanda kilikuwaje?

Godoro Nane
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa masofa na magodoro hapa Dodoma, bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda. Mwaka jana shemeji yangu anayetunza boti ya matanga ya wageni kule Tanga akanipigia simu: magodoro ya ndani yameoza, njoo uweke mapya, utalala humo humo. Boti yenyewe ina urefu wa mita 10. Nikaviringisha sponji, nikafunga kamba, nikapanda basi.

Kitanda cha mbele, omoni, kina umbo la pasi ya mkaa. Kichwani upana sentimita 160, miguuni 50. Mnalala wawili, vichwa huku kwenye upana, miguu inagombania ncha. Nikapima, nikakata wima kama tunavyokata siku zote. Kuliingiza, likagoma, kingo zikabaki zimenyanyuka kama chapati iliyoungua. Kumbe ubavu wa boti hausimami kama ukuta, unapanuka kadiri unavyokwenda juu. Godoro linatakiwa uso wa chini uwe mdogo kuliko wa juu, kisu kiende mshazari. Sponji nzima ya inchi 4 ikaenda hivyo. Shemeji akacheka hadi akakaa chini.

Nikiwa hapo nikagundua kwa nini yale ya zamani yalioza. Juu kavu kabisa, ukiligeuza, ukungu mweusi. Mwili unatoa joto na jasho, ubao wa chini umepoa, mvuke ukifika pale unageuka maji. Kitanda cha nyumbani kina chaga, hewa inapita. Kule ni plaiwudi tupu. Nikatoboa matundu ya ukubwa wa kikombe cha kahawa, ubao mzima.

Usiku wa kwanza tukiwa tumetia nanga sikulala. Maji yanabwabwaja nyuma ya ubao, sikio langu lipo hapa, bahari ipo pale. Kamba zinagonga mlingoti ka ka ka ka. Kidirisha cha darini ukikifungua unapata upepo, saa nane mvua inakunyeshea usoni. Ukikifunga, joto.

Haya, na nyie mleteni wa kwenu. Boti, jahazi, mtumbwi, hata kama si maji.

Mzee wa Zuzu
Mgogo na mawimbi wapi na wapi 😂 Sisi vumbi tu. Endelea lakini, mlisafiri?

Godoro Nane
Tulisafiri mkuu. Wenyewe walifika, wakataka kwenda Pemba, shemeji akaniambia twende ukajaribu kazi yako. Tuling'oa nanga saa tisa usiku ili tufike jua likiwa juu, maana matumbawe unayaona vizuri mwanga ukitoka juu, sio ukiwa usoni. Kusi, ule upepo wa kusini, lilikuwa linavuma.

Nikajitupa kwenye kile kitanda changu cha pasi, kipana, kizuri, godoro jipya. Nusu saa haikuisha. Omo ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote; nilikuwa narushwa, nashuka baada ya godoro kushuka. Tumbo nalo likaanza maneno yake. Shemeji akanihamishia katikati, kwenye sofa jembamba ambalo mimi mwenyewe nililidharau wakati nalipima. Sentimita 60! Nikasema hapa nitaanguka. Akatoa kitambaa kigumu kilichofungwa chini ya godoro, akakivuta juu na kukifunga kwa kamba mbili darini. Nikawa kama mtoto kwenye mbeleko. Chombo kikiyumba, mimi sisogei. Nililala kama gogo.

Halafu akanifundisha: kama hakuna kitambaa, lala upande wa demani, ule ambao chombo kinauinamia. Uzito wako unakubana kwenye ubavu. Ukilala joshini utaamkia sakafuni.

Tani Thelathini
Mimi maji hapana, ila hiyo ya kubanwa naielewa. Miaka 11 barabara ya Dar hadi Rusumo. Kitanda cha nyuma ya siti hakifiki hata futi mbili na nusu, na nikija nyumbani kwenye futi tano kwa sita nakosa usingizi, naona kama nimelala uwanjani.

Kosa kubwa la madereva wapya ni kuegesha bila kuangalia mteremko. Ukilala kichwa kikiwa chini unaamka macho mekundu, kichwa kinagonga. Kibaigwa tukisubiri mahindi soko la nafaka mnaweza kukaa siku mbili, basi nazunguka kutafuta sehemu upande wa kichwani uwe juu kidogo. Tingo wangu hataki siti. Anafunga turubai chini ya tela, anabembea. Mwezi wa saba Manyoni na baridi ile, sijui anawezaje.

Mama Perege
Nachukua samaki Mtera, nauza hapa mjini. Wavuvi wa bwawani hawalali mtumbwini, wanalala kambini, kwa sababu ya viboko na mamba. Mimi nililala mara moja bila kupenda. Tulivuka kwenda kambi ya upande wa Iringa, wakati wa kurudi jioni upepo ukachafuka. Mtera unaiona imetulia kama sahani, upepo ukianza ni bahari kamili. Tukajibanza kwenye visiki vya miti iliyokufa ndani ya maji hadi alfajiri.

Kulala kwenyewe ni kukaa juu ya nyavu mbichi, mgongo kwenye ubao wa pembeni, miguu ndani ya maji ya chini ya mtumbwi. Kila mmoja anapewa kopo, zamu ya kukumba maji. Ukisinzia unaamshwa na kopo la mwenzio kwenye goti. Na usiku kucha unasikia viboko wanakoroma, hujui ni mita ngapi. Sitaki tena kusikia habari za kitambaa na sofa.

Behewa la Mwisho
Mama Perege pole dada yangu.

Mimi ni reli. Zamani nikienda Kigoma kutokea hapa Dodoma nilikuwa nakata daraja la pili kulala: vitanda sita kwa chumba, vitatu vitatu. Chukueni cha juu kabisa, narudia, cha juu. Cha chini kila mtu anakifanya benchi, cha katikati hukilali mpaka wenye benchi wakubali kusimama kikunjuliwe. Nilishawahi kukaa na usingizi wangu hadi saa sita kwa sababu mzee wa chini anamalizia kuku aliyemnunua Saranda dirishani.

Na mkitaja vyombo, ile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilipita hapa hapa Dodoma kwa reli, vipande vipande ndani ya masanduku. Ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikaunganishwa Kigoma.

Mhamiaji wa Wizara
Mimi mtu wa Mafia, kazi ndiyo imenileta huku kwenye mawe. Godoro Nane umenikumbusha mbali. Tofauti ni kwamba kwenye jahazi kitanda hakuna. Unalala juu ya mzigo. Ukiwa na bahati mzigo ni magunia ya nazi kavu, unajichimbia shimo la mwili wako. Ukiwa na mkosi ni boriti za mikoko, asubuhi mgongo una mistari. Nahodha analala shetri, yaani nyuma, karibu na usukani, na hata yeye ni jamvi tu.

Baba yangu alinipa masharti mawili. Usilale pale foromali, ule mti unaobeba tanga, inapopita wakati wa kugeuza tanga. Na usishuke chini kulala hata mvua ikinyesha, maana harufu ya ngama, yale maji machafu ya chini ya chombo, ikichanganyika na sifa waliyopaka mbao, utatapika hadi maziwa ya mama yako.

Mzee wa Zuzu
Sifa ndiyo nini?

Mhamiaji wa Wizara
Mafuta ya papa, mzee wangu. Ukishayanusa huyasahau.

Godoro Nane
Mhamiaji, shemeji anasema na wao wakiwa safari ndefu kila mtu hana kitanda chake. Anayetoka zamu anaingia kwenye kile cha katikati alichotoka mwenzake, bado kina joto. Kile kizuri cha mbele kinajaa matanga na maboya, wanakilalia bandarini tu.

Nilivyorudi nyumbani nikajikuta najibana ukutani usiku. Mama watoto akaniuliza ukuta una nini ambacho yeye hana.

Tani Thelathini
😂😂 Lile ulilokosea kukata ulilipeleka wapi? Kabini yangu ina kona moja mbaya, kitanda kinasinyaa upande wa mlango.

Godoro Nane
Ninalo, nilirudi nalo. Njoo na vipimo, ila pima chini na juu, usinifanyie kama nilivyojifanyia.