Pointi moja, halafu mbili

Kikundi: UKOO WA KUKHU
Jumamosi usiku

Mama Nekesa: Habari za jioni nyote. Nekesa amefika salama. Mechi yao ya raga wamefungwa 12 kwa 10. Hajala, amejifungia chumbani tangu saa kumi na mbili.

Baba Nekesa: Nilisema mapema. Wiki iliyopita ilikuwa bega, leo ni machozi. Mtoto yuko kidato cha tatu huyu.

Wafula: Pole sana kwake. Lakini kaka, 12 kwa 10 si kipigo. Ni trai mbili kwa mbili. Wenzao walipata konvashoni moja, sisi hatukupata hata moja.

Mama Nekesa: Ndiyo hiyo inayomliza. Ya mwisho ilikuwa yake. Angeipata ingekuwa 12 kwa 12.

Kukhu (simu ya Wanjala): Mimi sielewi. Ameshafunga, kwa nini apige tena?

Wafula: Kukhu, ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wao, hiyo ni trai, pointi 5. Halafu unapewa teke la kupitisha katikati ya zile nguzo, juu ya mti uliolala. Hiyo ni konvashoni, pointi 2. Penalti ikipita ni 3. Na katika raga ya wachezaji saba kama hii ya kina Nekesa, teke hilo ni la kudundisha. Mpira uguse ardhi kwanza, uupige unapoinuka tu. Sekunde 30 baada ya trai uwe umeshapiga. Na yeye miguu imechoka, watu wanapiga kelele. Si kazi ndogo.

Kukhu (simu ya Wanjala): Haya. Mwambieni mjukuu wangu ale.

Mama Brian: Samahani kuwakatiza. Mabati ya Kukhu: tumefikisha 38,500. Bado watu wanne. Mnajijua.

Senje Nafula: Mama Brian nitatuma leo. Huku kumekucha, ni saa moja asubuhi, ndiyo nimetoka zamu na kuyaona haya. Mama Nekesa, mpelekee Nekesa simu mlangoni. Asijibu kama hataki, asome tu.

Senje Nafula: Nekesa, hapa Hamilton ninapoishi ni makao ya timu ya mkoa wa Waikato. Kila mwaka wanawake wa mikoa 13 ya New Zealand wanacheza kombe lao. Linaitwa Farah Palmer Cup. Mashindano yenyewe yalianza 1999, jina hili likaja 2016. Kwa miaka mingi bingwa alikuwa Auckland, Auckland tena, Auckland tu. Kisha kuanzia 2017 wakaja Canterbury, wa kule kisiwa cha kusini, wakabeba mara nne mfululizo.

Senje Nafula: Sasa, fainali ya 2020 ilikuwa Canterbury na Waikato. Waikato hawakuwa wamewahi kulichukua kombe hilo hata siku moja. Matokeo yalikuwa 8 kwa 7.

Wafula: 8 kwa 7!!

Senje Nafula: Piga hesabu, Nekesa. 7 ni trai na konvashoni yake. 8 ni trai bila konvashoni, na teke moja la pointi 3. Yaani kila timu ilipata trai moja, na Waikato ndio walioongeza juu ya trai yao. Bado wakafungwa. Msimu mzima umeishia kwenye pointi moja. Nilitazama kwenye televisheni na wenzangu wa wodini, hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu binamu yake alikuwa anacheza, akatoka nje kabisa.

Mama Nekesa: Uwiii.

Senje Nafula: Mwaka uliofuata, 2021, nikasema mimi nitakwenda uwanjani. Julai, baridi inakata masikio. Kukhu, ungefurahi: watu wa Waikato huja na kengele za ng'ombe! Huu ni mkoa wa maziwa, timu yao inaitwa Mooloo kwa sababu ya ng'ombe. Wakifunga, uwanja mzima unalia kama boma wakati wa kukamua.

Kukhu (simu ya Wanjala): Ng'ombe wao wanatoa lita ngapi?

Senje Nafula: Nitakuulizia, Kukhu 😊

Wafula: 2021 ndiyo mwaka Lionesses wetu, wasichana wa Kenya wa raga ya saba, walikutana na New Zealand kwenye Olimpiki ya Tokyo. 29 kwa 7. Nakumbuka ile trai yetu niliamsha majirani. Wale New Zealand wakaenda kuchukua dhahabu.

Senje Nafula: Mwaka huohuo. Na hawakutoka mbinguni, Wafula, wengi wametokea kwenye hizi timu za mikoa. Sasa sikiliza. Agosti 17 akapatikana mgonjwa mmoja wa korona Auckland. Mmoja tu! Usiku huohuo nchi nzima ikafungiwa ndani. Sisi hospitalini tukarudi kwenye barakoa na foleni. Ligi ikasimama. Nje ya Auckland tulifunguliwa mapema Septemba, lakini Auckland wakabaki ndani. Timu tatu za upande huo, Auckland, Counties Manukau na North Harbour, hazikuweza kusafiri wala kufanya mazoezi pamoja. Zikajitoa. Msimu wao ukaishia hapo, nje ya uwanja.

Mama Nekesa: Hilo nalo linauma. Afadhali ufungwe.

Senje Nafula: Waliobaki wakaendelea. Fainali: Canterbury na Waikato tena. Na wengi wa wanawake hawa wana kazi zao, mkumbuke. Mazoezi ni jioni baada ya kazi, gizani, mvua inanyesha. Wamekaa mwaka mzima na ile pointi moja.

Senje Nafula: 22 kwa 20. Waikato. Ubingwa wa kwanza katika historia yao.

Wafula: Pointi mbili!

Senje Nafula: Mbili. Kama za leo.

Baba Nekesa: Nafula, nimesoma yote. Swali langu ni moja. Auckland hawakuwepo. Je, huo ni ubingwa kamili?

Senje Nafula: Watu waliuliza hata huku, kaka, na nawaelewa. Auckland ni timu kubwa, na ni haki yao kuwaza ingekuwaje. Lakini waliokuwa na kombe ni Canterbury, miaka minne hakuna aliyewatoa. Waikato waliwakuta walewale walioko juu, wakawatoa. Kwangu ni kamili.

Wafula: Kwangu pia. Bingwa ni wa kunyang'anywa, na walimnyang'anya.

Baba Nekesa: Sawa. Lakini masomo? Raga itampeleka wapi?

Senje Nafula: Nilijua utauliza, mwalimu. Huyo Farah Palmer aliyepewa jina la kombe alikuwa nahodha wa timu ya taifa, Black Ferns, wakachukua Kombe la Dunia mara tatu: 1998, 2002, 2006. Katikati ya hapo alisoma mpaka akapata shahada ya uzamivu. Akafundisha chuo kikuu. 2016 akawa mwanamke wa kwanza kuingia kwenye bodi ya raga ya nchi nzima. Sasa anaitwa Dame, cheo cha heshima cha huku. Ruahei Demant wa Auckland, nahodha wa Kombe la Dunia lililochezwa huku 2022, ni mwanasheria. Na nahodha mwenzake alikuwa Kennedy Simon, wa hapa kwetu Waikato. Siku ya fainali ile, uwanja wa Eden Park waliingia watu 42,579. Wakawafunga Uingereza 34 kwa 31.

Baba Nekesa: Watu elfu arobaini na mbili kutazama wanawake?

Senje Nafula: Ndiyo, kaka. Tiketi ziliisha.

Mama Nekesa: Na bega? Mimi hilo ndilo linaninyima usingizi.

Senje Nafula: Bega nalichukulia kwa uzito, wifi. Jumatatu aende akaangaliwe, asivumilie tu. Kama halijapona asicheze, hata kocha akisema nini. Na hapa nasema kama muuguzi. Nekesa, ukimkaba mtu, kichwa chako kiwe nyuma ya makalio yake, kisiwe mbele ya magoti. Shuka kwa magoti yako, usiinamishe shingo. Una kinga ya meno?

Mama Nekesa: Wanaazimana.

Senje Nafula: HAPANA. Kinga ya meno haiazimwi jamani. Natuma pesa yake pamoja na ya mabati. Mama Brian, utanitenganishia.

Mama Brian: Sawa dada. Nimeandika.

Nekesa: Senje

Senje Nafula: Mwanangu.

Nekesa: Nilipiga mapema. Mpira haukuwa umeinuka. Nilijua tu ukitoka mguuni.

Wafula: Hilo linarekebishika! Uliuachia ukiwa juu sana. Uachie chini, karibu na goti, na uegemeze ncha yake kidogo kwako. Macho kwenye mpira mpaka mguu umalize safari. Nakuja kesho.

Nekesa: Kwani wale Waikato wa 2020 ndio walewale wa 2021?

Senje Nafula: Si wote. Wengine waliacha, wengine waliumia, wakaingia wasichana wapya. Lakini wengi walirudi. Naona wameanza tena mazoezi, nikitoka zamu ya jioni nakuta taa za uwanja zinawaka.

Nekesa: Baba, kesho baada ya kanisa naweza kwenda na Baba mdogo?

Mama Nekesa: Amefungua mlango. Anapasha ugali.

Baba Nekesa: Kesho tunakwenda wote kwa Kukhu. Lile shamba la chini halijalimwa bado, kuna nafasi.

Kukhu (simu ya Wanjala): Ng'ombe nitawafunga upande wa juu. Msije mikono mitupu, sukari imeisha.

Nekesa: Viatu vyangu sivioni.

Baba Nekesa: Viko kwenye buti la gari. Nilivipangusa matope jioni, viache vikauke.