Nataka kununua Beetle ya 1968: nianze kukagua wapi?

Mpenda_Kale
Wakuu, habari zenu. Nimepata Volkswagen Beetle ya 1968, injini ya cc 1500. Rangi ni mpya na inang'aa, na muuzaji anasema injini imefunguliwa na kufungwa upya. Kubadilisha oili na plagi naweza, ila gari la umri huu sijawahi kununua. Naenda kulitazama Jumamosi. Nianzie wapi, na kasoro ipi nikiikuta niachane nalo?

BatiNaRangi
Anza na bodi, tena ulale chini kabisa na tochi. Injini ya Beetle imeshikwa na boliti nne tu, inashuka kwa jeki. Bodi iliyooza ndiyo inayomaliza pesa.

Rangi mpya isikufurahishe mapema. Chini ya milango, pande zote mbili, kuna mikondo ya bati inayopeleka hewa ya moto ndani ya gari. Mikondo hiyo hiyo ndiyo mihimili ya bodi, na huoza kuanzia ndani kwa sababu unyevu ukishaingia hauna pa kutokea. Ukiona malengelenge ya kutu kwa nje, ujue ndani kumeshaliwa. Chukua sumaku ndogo, ivike kitambaa chembamba usikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye mikondo, chini ya vioo na kuzunguka matairi. Pale inapoacha kunata pana puti nene badala ya bati.

Kisha angalia mianya ya milango. Inua mlango uliofunguliwa kwa kuushika mwishoni: ukicheza, bawaba zimechoka, jambo dogo. Lakini kama bawaba ni nzima na mwanya wa nyuma ya mlango ni mwembamba juu na mpana chini, bodi imelegea katikati. Mara nyingi fundi alikata mikondo akachomelea mipya bila kwanza kufunga mihimili ya muda kwenye uwazi wa milango. Kurekebisha hilo ni kukata na kuanza upya.

Inua kiti cha nyuma. Betri iko upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu iliyo chini yake. Bonyeza hapo kwa bisibisi. Bati zima halibonyei. Hakikisha betri ina kifuniko, maana mtu mzito akikaa, springi za kiti zinaweza kugusa nguzo zake na kiti kikashika moto.

Mwisho tazama kichwa cha chesisi kule mbele, eksili ya mbele inapofungwa. Sakafu inabadilishika. Kichwa kikiwa kimeoza, ningekushauri uliache gari hilo.

Spana13
Mkuu hapo juu amemaliza bodi. Upande wa injini, kabla hujawasha, shika puli kubwa ya chini, uivute kuja kwako na kuisukuma mbele. Mchezo wa krenki (shafti kuu ya injini) unaokubalika ni chini ya milimita 0.15, na huo mkono hausikii. Ukisikia "tok tok", hiyo injini haijafungwa upya, au ilifungwa ovyo, na dawa yake ni kuifungua yote.

Injini ikishapata moto, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda): toa plagi zote nne, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mpaka mshale wa geji usimame. Kila silinda ikitoa psi 100 au zaidi, na zikikaribiana, ni vizuri. Ikishuka chini ya 80, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu. Itazame kwa makini silinda namba 3. Injini hii hupozwa kwa hewa ya feni, na kwenye za miaka hiyo kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, kinazuia hewa kuifikia silinda hiyo, hivyo ndiyo inayoungua valvu kwanza.

Hakikisha mabati yote yanayoizunguka injini yapo, pamoja na mpira wa pembezoni. Watu huyatoa wakidhani injini itapumua. Kinachotokea ni hewa ya moto kutoka chini kurudi juu na kuvutwa tena na feni.

Mipira ya petroli: ikunje kwa vidole. Ikionyesha nyufa, usiliendeshe hata kwa majaribio. Magari mengi ya aina hii yaliungua kwa sababu hiyo moja.

KadiNaChesisi
Namba ya chesisi imegongwa kwenye mgongo wa katikati wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Ya modeli ya 1968 kwa kawaida ina tarakimu 9 na huanza na 118: 11 ni aina ya gari, 8 ni mwaka. Mwaka huo wa modeli ulianza Agosti 1967. Namba ya injini iko kwenye kasha, chini ya kikalio cha dainamo: H ni 1500, F ni 1300, D ni 1200. Linganisha zote mbili na kadi ya gari. Injini kubadilishwa ni kawaida na kunapunguza thamani tu. Namba ya chesisi iliyosagwa au kuchomelewa, ondoka.

Matairi nayo yasome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, hata kama kashata ni nzima.

Mpenda_Kale
Asanteni sana. Muuzaji amesema atalipasha moto mapema ili nisisubiri. Kuna ubaya?

Spana13
Upo. Mwombe asiliguse, na ukifika weka kiganja kwenye kasha la feni. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Uwashaji wa baridi ndio unaoonyesha kabureta mbovu na moshi wa bluu wa oili. Na ukiwa barabarani, taa nyekundu ya chaji ikiwaka, zima injini hapo hapo. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni, na bila feni injini hii haina kipoza kingine.